Kuvu ya madoa ya kijivu inapogoma kutoa spora

Sahani ya maabara iliyojaa nyuzi nyeupe za kuvu, nene kama pamba, hupendeza macho, lakini kwa anayehitaji spora, yaani chembe za kuzalia, ni habari mbaya. Pyricularia oryzae, kuvu inayoleta madoa ya kijivu kwenye majani ya raigrasi, nyasi ya viwanjani, ikishiba na kuachwa itulie hukua tu, haizai. Lazima isumbuliwe, tena kwa wakati wake.

Chakula kwanza. Agari (jeli ya kukuzia) ya viazi na dekstrosi ni nzuri kwa kukuza nyuzi, ila kwa spora utaambulia kidogo. Tumia agari ya oti. Chemsha gramu 50 za oti katika mililita 600 za maji kwa moto mdogo, nusu saa hivi, uchuje kwa kitambaa cha shashi. Tia gramu 15 hadi 20 za agari, ongeza maji hadi lita moja, kisha ua vijidudu kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) kwa 121 °C dakika 20. Chupa isizidi nusu, maana uji wa oti hufurika vibaya. Subiri upoe hadi karibu 50 °C ndipo umimine mililita 20 kwa kila sahani ya sentimita 9. Ukimimina ya moto sana, mvuke hugeuka matone kwenye kifuniko, na matone yakidondoka husambaza bakteria sahani nzima.

Panda kipande cha kuvu katikati, acha ikue kwa 25 hadi 27 °C mpaka ikaribie ukingo. Kwa kawaida siku 7 hadi 10. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaendelea kusubiri, wakidhani muda utaleta spora. Utaona nyuzi zinazidi kuwa nene, basi. Badala yake, mimina mililita 5 za maji safi yaliyopitishwa otoklevu, sugua uso wa sahani kwa kijiti cha kioo hadi nyuzi za juu zilale, mwaga maji yote, na uache uso ukauke kidogo ndani ya kabati la maabara la hewa safi. Usichimbe agari. Maji yakibaki yametuama, nyuzi huota upya na unarudi ulipoanza.

Baada ya kusugua, weka sahani chini ya taa za fluoresenti usiku na mchana kwa siku 2 au 3. Mwanga ndio nusu ya siri. Giza huchochea spora kubanduka kwenye vikonyo vyake, kwa hiyo mwanga usiokatika huzibakiza mahali pake hadi siku ya kuvuna. Angalia joto pale pale sahani zilipo, si la chumba: taa zikiwa karibu mno, sahani hupanda kupita 30 °C na mavuno huporomoka. Sentimita 30 kutoka kwenye taa zinatosha. Usizibe sahani kwa utepe mzito pia; hewa isipopita, unyevu hujaa na nyuzi hurudi.

Vuna kwa maji yenye Tween 20 (aina ya sabuni laini ya maabara) ya asilimia 0.02, chuja kwa shashi, kisha tazama kwenye hadubini. Spora halali ina umbo la pea na kuta mbili zinazoigawa vyumba vitatu. Ukiona vipande vya nyuzi tu, ulisugua kwa nguvu mno au ulivuna mapema. Hesabu kwa kioo cha kuhesabia seli: wastani wa mraba mkubwa mara 10,000 ndio idadi kwa mililita. Kwa kunyunyizia miche, 100,000 kwa mililita ni kiwango kizuri.

Kama hatua zote ziko sawa na bado hakuna kitu, shuku kuvu uliyoanzia. Kuvu hii ikihamishwa sahani hadi sahani mara nyingi hupoteza uwezo wa kuzaa, na kubadilisha chakula hakuirudishi. Ambukiza mche wa raigrasi, kata doa jipya, liweke kwenye unyevu usiku mmoja, halafu chukua spora moja moja kwa sindano juu ya agari ya maji. Kila kundi jipya likishathibitika kuzaa, likuze juu ya vipande vya karatasi ya kuchujia, vikaushe kabisa, vihifadhi kwa −20 °C, na kila jaribio lianzie hapo. Kuvu kwenye karatasi isiyokauka sawasawa hufa humo ndani, kwa hiyo usiharakishe kukausha.