Mbio za Mjini: Ukuta Hauna Kosa

Kila langalanga ya Monaco, yaani mbio za Formula One zinazokimbiwa mitaani pale, ikipita, maswali hunifikia kwa mafungu, na nusu yake ni swali lile lile. Leo najibu machache. Wanaouliza kwa nini madereva wanabadilisha tairi wakasome safu za nyuma.

Mzee, Monaco 2024 kumi wa kwanza walimaliza vile vile walivyoanza. Zile ni mbio au zefe? – Majengo

Usiitukane zefe, mwanangu. Zefe ina matari.

Siku ile dereva Perez na magari mawili ya timu ya Haas walipata ajali mzunguko wa kwanza, bendera nyekundu ya kusimamisha mbio ikatolewa, na sheria ikawaruhusu wote kubadilisha tairi magari yakiwa yamesimama. Sharti la kila dereva kubadilisha tairi walau mara moja likawa limeshatimizwa kabla mbio hazijaanza sawasawa. Kilichobaki ni mizunguko sabini na kitu ya kutunza tairi zile zile. Leclerc aliyeongoza akapunguza mwendo, wa pili akapunguza, na wote waliofuata vivyo hivyo, maana hapakuwa na wa kumpita mwenzake. Kumi wa kwanza kumaliza kwa safu ile ile ya kuanzia halikuwa limewahi kutokea katika Formula One.

Watu husema mtaa ni mwembamba. Mtaa ni mwembamba tangu mbio za kwanza pale mwaka 1929! Kilichonenepa ni gari. Mwaka 2008 uzito wa chini wa gari pamoja na dereva wake ulikuwa kilo 605. Mwaka 2025 ulikuwa kilo 800. Upana ulikuwa mita 1.8 hadi 2016, ukapandishwa hadi mita 2 mwaka uliofuata. Sheria za 2026 zimepunguza sentimita 10 na kama kilo 30, nami nasema bado sana. Formula E, mbio za magari ya umeme, hupita barabara hizo hizo za Monaco kwa gari jembamba na fupi zaidi, na madereva wake wanapitana mpaka unapoteza hesabu. Wanaosema Formula E si mbio kwa sababu haina kelele, wanataka muziki, si mbio.

Sitawadanganya kwamba zamani ilikuwa pepo. Mwaka 1992 Mansell, mwenye gari bora kuliko yote na tairi mpya, alimganda Senna mizunguko ya mwisho akitokea kulia, akitokea kushoto, na hakupita. Lakini alijaribu, na watu walisimama kutazama. Hawa wa sasa hata kujaribu hawajaribu.

Mwaka 2025 wakubwa wakaleta dawa yao: kila dereva abadilishe tairi mara mbili. Timu zikafanya nini? Timu za Racing Bulls na Williams kila moja ikamtumia dereva mmoja kuzuia foleni makusudi, ili mwenzake aingie piti, pale pa kubadilisha tairi, na kutoka bila kupoteza nafasi. Russell wa Mercedes akachoka kukaa nyuma ya Albon wa Williams, akakata kona kwa kusudi, akapewa adhabu yake. Mkataba wa Monaco unafika 2035, kwa hiyo usingoje Jumapili. Tazama Jumamosi, siku ya kufuzu, wanapogombea nani aanze wapi, ndiyo siku ya mbio pale.

Nimuwekee nani dau Monaco? – Bamburi

Hilo dau lifanye karo ya shule.

Kwa maneno yako basi saketi zote za mjini zifungwe, warudi viwanja kama Silverstone na Spa? – Kisauni

Nimesema hivyo wapi? Mwanitilia maneno mdomoni kila mwezi.

Mtaa mzuri una mambo mawili. Kwanza, sehemu ndefu iliyonyooka inayoishia kwenye kona ya polepole, ili wa nyuma ajikinge upepo mgongoni mwa mwenzake, aongeze mwendo, kisha amshinde kwa breki. Pili, ukuta ulio karibu. Baku, kule Azerbaijan, inayo yote. Kabla ya kona ya kwanza kuna kilomita 2.2 ambazo dereva hakanyagi breki, na upande wa pili, chini ya ngome ya mji wa zamani, barabara inabana mpaka mita 7.6. Mwinjinia ashike lipi? Akipunguza mabawa yanayoligandamiza gari chini ili likimbie pale paliponyooka, linateleza kwenye vichochoro. Akiyaongeza, anapitwa palipo wazi. Ndiyo maana mwaka 2017 Ricciardo alianza wa kumi akashinda, na mwaka uliofuata yeye na Verstappen, wa timu moja, wakagongana wakienda kufunga breki, wote wawili wakatoka.

Na ukuta, jamani, ukuta ndio ninaoupenda. Kwenye saketi nyingi za kisasa dereva akikosea anatoka juu ya lami iliyopakwa rangi, anageuza usukani, anarudi. Paul Ricard kule Ufaransa mmeona: milia ya bluu na nyekundu kila mahali, hakuna kosa linalogharimu kitu. Singapore si hivyo. Mwaka 2023 Sainz aliongoza huku Norris yuko nyuma yake, na magari mawili ya Mercedes yenye tairi mpya yanakuja. Badala ya kumkimbia Norris, Sainz akamwacha makusudi karibu, chini ya sekunde moja, ili Norris apate ruhusa ya kufungua bawa la nyuma, gari lake liongeze mwendo, na awazuie wale wawili. Hesabu ile aliifanya akiwa ndani ya joto la Singapore. Mzunguko wa mwisho kabisa Russell akagusa ukuta na mbio zake zikaishia hapo. Hakuna aliyempita mwenzake pale mbele, na bado sikuweza kukaa kitini.

Kwa hiyo anayehesabu kupitana peke yake, hajui anachotazama. Lakini msinielewe kwamba kila barabara yenye ukuta ni nzuri. Valencia ya Hispania, 2008 hadi 2012, walipewa bandari, daraja na pesa, wakatengeneza usingizi. Na Jeddah inanitia hofu: wastani wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, kona 27, nyingine dereva haoni mbele, ukuta pande zote. Gari likikwama katikati, anayefuata anajua akiwa amechelewa.

Las Vegas kifuniko cha mtaro kiliharibuje gari la mamilioni? – Nyali

Swali zuri, hatimaye. Sakafu ya gari la Formula One imeundwa kufyonza hewa chini yake ili gari ling'ang'anie barabara. Likipita juu ya kifuniko kisichofungwa imara, linakinyanyua. Mwaka 2023 mazoezi ya kwanza Las Vegas yalidumu kama dakika nane tu, Ferrari ya Sainz ikapasuliwa chini. Mazoezi ya pili yakaanza saa nane na nusu usiku, watazamaji wakiwa wameshafukuzwa. Na Sainz, ambaye hakukosa lolote, akarudishwa nyuma nafasi kumi kwa sababu vifaa vyake vilibadilishwa! Baku walishayaona haya mwaka 2019 kwa gari la Russell, kwa hiyo Las Vegas hawana kisingizio. Vifuniko huchomelewa kabla ya mbio. Kama hukuchomelea, hukujiandaa.

Kwetu Mombasa vifuniko vinang'olewa usiku vikauzwa vyuma chakavu, na mtu anatumbukia mguu akienda kununua mkate. Mnaoniuliza habari za Formula One, anzeni hapo.

Lini Formula One itakuja Mombasa? Tuanzie Mama Ngina, tupite Fort Jesus, Nkrumah Road, tutokee Moi Avenue chini ya Pembe! – Likoni

Swali hili tena. Kwenye picha litapendeza, nakubali. Sasa toka kwenye picha. Saketi mpya hutakiwa kuwa na upana wa mita 12 hivi, na 15 pale pa kuanzia. Nkrumah Road utaipanua kwa kubomoa jengo gani? Mbio kwa kawaida ni kilomita 305 hivi, na barabara haifungwi siku moja. Las Vegas walichimbua na kumwaga lami kwa miezi, wenyeji wakalia. Wewe wa Likoni ndiye uniambie: siku ambayo feri moja imeharibika na kisiwa hakijafungwa, unafika kazini saa ngapi?

Na Afrika imeshafanya. Casablanca mwaka 1958, saketi ya Ain-Diab, barabara za kawaida: Moss alishinda, Hawthorn akachukua ubingwa, na Lewis-Evans akafa kwa majeraha ya moto aliyoyapata pale. Formula One mara ya mwisho kukanyaga bara hili ni Kyalami, Afrika Kusini, 1993. Cape Town waliandaa Formula E barabarani mwaka 2023. Rwanda imetangaza kuitaka Formula One, na wao wanasema watajenga uwanja, hawafungi mji. Wamefikiri vizuri.

Mbona mnasahau chenu? Safari Rally ilianza 1953, na kwa miongo ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi, dereva anakutana na lori, ng'ombe na basi la abiria. Shekhar Mehta aliishinda mara 5, Joginder Singh mara 3. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake ni Naivasha. Mkitaka kudai kitu, daini irudishwe Pwani japo hatua moja.

Mimi na wenzangu hushindana usiku Nyali. Monaco waruhusiwa, sisi polisi watukamata kwa nini? – Hakutaja mtaa

Wakukamate, tena mapema. Monaco barabara imefungwa, madaktari wako tayari, na bado dereva Bandini aliungua pale mwaka 1967 akafa. Montjuïc, Barcelona, mwaka 1975, vyuma vya kando havikukazwa vizuri, madereva wakagoma, wakalazimishwa kukimbia, gari likaruka na kuua watu kando ya barabara. Hao walikuwa na waamuzi na bendera. Wewe una nini? Mwenye tuktuk anayetoka pembeni hajui kwamba uko mbioni. Ukiwa na kiu ya mwendo, tafuta chama cha mbio chenye leseni, uvae kofia.

Sijawahi kutazama mbio za mjini. Nianze na zipi? – Tudor

Baku 2017, zote, bila kuruka. Kisha Singapore 2023, mizunguko kumi ya mwisho. Ukizipenda, tafuta Macau, wanakimbia mitaani tangu 1954, na mlimani kuna kona ambayo magari mawili hayatoshi. Monaco ya 2024 iache.