Nani alitutia huo uoga?

Mmeuliza wiki hii mtu mzima anayeogopa sindano afanyeje. Mimi nina miaka 47 na bado naogopa, ila nitaanza na walionitia huo uoga maana hapo ndo panaponiuma.

Mwaka 1985 niliugua malaria, nikapelekwa zahanati ya kijijini kwetu. Enzi zile mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, yanachemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mchina, na sisi watoto tumekaa kwenye benchi tunayasikia yanavyogongana ndani ya maji. Nesi akalitoa bomba kwa koleo, akavuta dawa, akasukuma kidogo mpaka tone likaonekana kwenye ncha. Baba mdogo kanibana miguu kwa magoti yake, mama kanikamata kichwa, ananiambia "si nilikwambia usipokula utachomwa?" Mimi nikajua naadhibiwa. Nikachomwa takoni, na usiku ule klorokwini, ile dawa ya malaria niliyochomwa, ikaniwasha mwili mzima mpaka nyayo, najikuna nalia, najiuliza kosa langu kubwa kiasi gani. Hadi leo nikisikia vijiko vinagongana kwenye maji ya moto viganja vinaloa jasho.

Nilipokuwa na mimba ya kwanza nikazimia kliniki kwenye sindano ya pepopunda. Nesi mmoja mama mtu mzima, Mungu ambariki, akanifundisha kwamba sisi tunaozimia presha inashuka ghafla, kwa hiyo tusijilegeze. Lala, kaza mapaja na tumbo sekunde 10 hadi 15, pumzika kidogo, rudia, ila mkono wa kuchomwa uache ulegee. Tangu siku hiyo sijazimia tena, uoga ndo haujaisha.

Nilitaka kuandika kwamba wazazi wetu walikosea, basi. Lakini mwaka jana mama kaanzishiwa insulini, sindano ya kisukari, na kumbe yeye anaogopa kuliko mimi, hawezi hata kuishika. Kwa hiyo kila asubuhi namchoma mimi, huyu huyu mimi. Nambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, yeye anageukia ukutani, anashika kanga yangu. Labda siku ile pale zahanati alikuwa anatetemeka na yeye, na mtoto mwenye malaria ungefanyaje, lazima umshike. Kumtishia mtoto kwa sindano bado nakataa, hapo silegezi. Ila kumlaumu mama siwezi tena, angalau sio asubuhi nikiwa nimeshika bomba na yeye ananiuliza, "umeshamaliza mwanangu?"