Kelele za rektifaya: anza na waya, dayodi baadaye

Amplifaya yako ya kwanza imewaka na spika zinaimba, ila ukishusha sauti hadi mwisho bado kuna kitu kinakwaruza ndani, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Wengi wakifika hapa hukimbilia kubadilisha dayodi, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Nakuomba usishike chuma cha kulehemu kwanza. Sikiliza.

Umeme wa 50 Hz ukipita kwenye dayodi nne za rektifaya, sehemu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, kapasita inayohifadhi chaji hujazwa mara 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo laini na mzito wa 50 Hz mara nyingi hautoki kwenye rektifaya: tazama kama transfoma imekaribiana na waya wa kuingizia sauti, au kama ethi ya vifaa viwili imefanya duara. Sauti kali yenye meno, ya 100 Hz, ndiyo yetu. Piga shoti kwenye ingizo la sauti (si la umeme), kisha washa. Kelele ikibaki vilevile, chanzo kiko ndani ya boksi.

Sasa zingatia hili, maana ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa. Dayodi hazipitishi mkondo muda wote. Hufunguka pale tu volti ya transfoma inapoizidi ya kapasita, labda milisekunde 2 katika kila 10. Amplifaya inayokula ampea 1 kwa utulivu hulipwa deni lake kwa vishindo vya ampea 5 hadi 10. Waya wenye omu 0.01 tu, ukipitisha ampea 10, unaacha volti 0.1 juu yake. Ukifunga grauni ya ingizo, yaani waya wake wa volti sifuri, kwenye waya huohuo, volti hiyo 0.1 inaingia pamoja na muziki na kukuzwa nao.

Niliwahi kuhangaika na amplifaya moja kwa wiki nzima. Nikaweka dayodi za kasi, nikaongeza kapasita maradufu. Kelele ikazidi, kwa sababu njia ya mkondo mbovu ilikuwa bado ipo na vishindo vilikuwa vimekuwa vikali zaidi. Mwishowe niliona waya wa grauni umelehemiwa katikati ya kapasita mbili, kwenye kipande kilekile ambacho vishindo hupitia. Niliuhamisha sentimita chache, nikautoa baada ya kapasita ya mwisho. Kimya kikaingia. Toka siku hiyo, transfoma, rektifaya na kapasita ya kwanza nazifunga kama kijiji chao wenyewe, kwa waya fupi zilizosokotwa pamoja, na grauni zote za amplifaya nazianzia nje ya kijiji hicho.

Baada ya waya ndipo tuje kwenye dayodi. Dayodi ya kawaida kama 1N4007 haifungi papo hapo. Mkondo hurudi nyuma kidogo kisha hukatika ghafla. Mkato huo huigonga koili ya transfoma kama kengele, nayo hulia kwa masafa ya juu sana pamoja na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) iliyojificha ndani yake. Dayodi za Schottky hazina tabia hiyo ya kurudisha mkondo, lakini zina kapasitansi yao, hivyo kengele inaweza kulia bado. Na kapasita ya 10 nF (nanofaradi) peke yake, ambayo wengi huibandika juu ya kila dayodi, hushusha tu masafa ya mlio. Kinachouzima mlio ni rezista.

Hufungwa hivi, kwenye ncha mbili za koili ya sekondari, ile ya transfoma inayolisha rektifaya: 10 nF moja kwa moja, na sambamba nayo 150 nF iliyounganishwa mfululizo na rezista. Thamani ya rezista hutegemea transfoma, kwa hiyo anza na ya kuzungusha ya omu 500 huku ukitazama osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Utaona msururu wa mawimbi madogo ukipungua hadi kubaki nundu moja. Zima, pima, lehemu rezista ya kudumu iliyo karibu na kipimo hicho.

Tumia proubu mbili za osiloskopu, moja kwenye kila ncha ya koili, na usome tofauti kati yake, kwa sababu klipu ya grauni ya osiloskopu ikishika sekondari inaweza kupiga shoti kupitia dayodi. Usikate ethi ya chasi kukwepa jambo hilo, hata kwa dakika moja. Na kabla ya kutia mkono, toa chaji ya kapasita kwa rezista, halafu ihakikishe kwa mita.