Vidoa Vinavyoruka Katika Tangi la Samaki

SWALI: Nina tangi dogo la lita 20 lenye magugu niliyoyatoa bwawani, nalo nataka kuhamishia humo vifaranga vya samaki. Wiki hii nimeona vidoa vyeupe vikirukaruka majini, na kiooni vimeganda vijiuzi vyenye mikono. Ni wadudu gani hawa, na je, niyamwage maji? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Usiyamwage, ndugu yangu. Kabla ya kutafuta hadubini, tazama mwendo, kwa maana viumbe hawa hutambulika kwa namna wanavyokwenda mapema kuliko kwa maumbo yao. Usiku zima taa, umulike tangi kwa tochi kutoka ubavuni. Anayekwenda kwa kuchupa na kutulia, mwenye umbo la tone na urefu wa milimita 1 hadi 2, ni saiklopsi, kijidudu cha maji cha jamii ya kamba. Ukiona vifuko viwili vimening'inia karibu na mkia, huyo ni jike mwenye mayai. Anayedundadunda wima ni dafnia, naye wa jamii hiyo hiyo, ambaye mwili wake unapitisha mwanga hata moyo wake unaonekana ukipiga upande wa mgongo, nyuma ya kichwa.

Vile vijiuzi ni haidra, mnyama mdogo laini wa majini. Mguse mmoja kwa ncha ya mrija: atajikunja papo hapo awe kama punje ya ulezi, kisha, ukiwa na subira, utamwona akijinyoosha polepole na kuitandaza tena minyiri yake, yaani ile mikono uliyoiona. Minyiri hiyo ina chembe zenye sumu, ndiyo maana haidra humkamata saiklopsi na hata kifaranga aliyetoka kuanguliwa. Usimponde kiooni, kwani mwaka 1740, karibu na The Hague nchini Uholanzi, mtafiti wa viumbe Abraham Trembley alimkata haidra vipande akaona kila kipande kikikua na kuwa haidra mzima. Mfyonze kwa mrija, mmoja mmoja, umtoe nje.

Ukipata hadubini ya shule, chukua tone kwenye majani yanayooza, si katikati ya maji, ukuze mara 40 kisha mara 100. Humo utaona vijiumbe vya seli moja. Paramesiamu ana umbo la unyayo wa kiatu na huenda akijizungusha. Vortisela ni kengele juu ya kikonyo, nacho hujikunja kama springi ukigonga meza kidogo, jambo ambalo sijachoka kulitazama.

Saiklopsi na dafnia waache. Makinda yao ni chakula kizuri cha vifaranga, na vifaranga hao unaweza kuwahamishia humo mara tu haidra wa mwisho atakapokuwa ametoka.