Barua kwa mwanangu: mwandiko wa ukurasa wa mwisho

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu nilikuambia nitakuandikia, maana si jambo la kujibu huku unaendesha gari. Umekuwa ukiyapanga madaftari ya babu yako, yale ya kurekodi mechi za besiboli, ukaona ukurasa wa mwisho ni wa tarehe 2 Novemba 2016, na tulimzika 2015. Ukaniuliza nani kauandika, na kwa nini jina la babu limo kati ya waliotazama.

Nimeuandika mimi.

Nilipofika Chicago, Januari 1987, nilikuja na adabu zangu za Tanga. Kwetu mkwe hukai naye kitako mkapiga soga. Baba mkwe akiingia, unajitanda vizuri kanga yako, unaamkia, unatoka. Babu yako hayo hakuyajua. Aliona msichana anayemkimbia ndani ya nyumba yake, akahuzunika, akadhani amenikosea. Baba yako ndiye aliyemweleza.

Hakusema neno. Aprili msimu ulipoanza, nikakuta viti viwili jikoni vimepangwa ubavu kwa ubavu, vyote vinatazama televisheni, na mbele yake daftari na penseli. Akaniambia macho yake yamechoka kwa zamu ya usiku posta, anaomba mtu wa kumwandikia. Macho yake yalikuwa mazima, mwanangu. Lakini ukikaa ubavuni mwa mtu humkabili usoni, na mkono ukiwa na kazi ulimi hauna haja ya kuhangaika. Sikuvunja adabu hata moja, na yeye akapata binti wa kukaa naye.

Alinifundisha taratibu. Kila nafasi uwanjani ina namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, wa kituo cha kwanza ni 3, na kuendelea hadi 9. Mpira ukienda kwa wa 6, akampa wa 4, naye akampa wa 3, unaandika 6-4-3, na wachezaji wawili wametoka kwa pigo moja. Mpigaji akimalizwa na mrushaji kwa kushindwa mara tatu kuupiga mpira vizuri, ni herufi K. Kama mpira wa mwisho alisimama tu akautazama ukipita, K inageuzwa, inatazama nyuma. Hiyo K ya kinyume niliipenda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa sijui mitaa ya mji ule, lakini ndani ya mwezi mmoja niliweza kuiandika mechi nzima.

Watu wa mtaani walimshangaa. Sisi tulikaa kusini mwa jiji, upande wenye uwanja wa timu ya White Sox, na yeye moyo wake wote ulikuwa kaskazini, kwa timu ya Cubs. Sababu ilikuwa Ernie Banks. Septemba 1953 Banks alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuivaa jezi ya Cubs, na babu yako alikuwa kijana wa miaka 15 aliyeletwa na mama yake kwa treni kutoka Mississippi. Hakuhitaji sababu ya pili. Tena Wrigley Field, uwanja wa Cubs, haukuwa na taa, mechi zote za nyumbani zilichezwa mchana, na mchana ndio muda wake mtu wa zamu ya usiku. Ule ukurasa wa 8 Agosti 1988 uliokushangaza kwa kuishia njiani, ndio usiku taa zilipowashwa kwa mara ya kwanza. Mvua ikanyesha, mechi ikavunjwa.

Pambizoni aliandika majina ya waliokaa naye. Kila kitu kingine aliniachia niandike, majina hakuniachia. Ukipekua 1989 utajikuta, ulikuwa na siku tisa. Utamkuta bibi yako wa Tanga alipokuja kututembelea, na fundi bomba aliyekuja kuziba sinki akabaki mpaka awamu ya tisa, ya mwisho.

Oktoba 14, 2003, wewe unaukumbuka usiku ule, ulilia. Cubs walibakiwa na wapigaji watano tu kuwatoa ili waingie fainali, wakiongoza 3-0, kisha wapinzani wao, Marlins, wakapata pointi nane katika awamu moja. Jiji zima lilimlaani shabiki mmoja aliyenyoosha mkono kuudaka mpira, na babu yako akakataza mtu yule asisemwe vibaya chini ya paa lake. Alirekodi zile nane zote kwa mwandiko ule ule. Akafunga daftari, akakukaangia mayai.

Cubs hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Alizaliwa bila kuuona, akafa bila kuuona. Mwaka uliofuata kifo chake ndio wakafika fainali, dhidi ya Cleveland.

Wiki ile watu walikuwa wakiandika kwa chaki majina ya marehemu wao kwenye kuta za matofali za Wrigley. Sisi hatukwenda. Usiku wa mechi ya mwisho mimi nililitoa daftari lake, lilikuwa bado na kurasa tupu. Nikaviweka viti vile vile jikoni. Baba yako alistahimili mpaka awamu ya nane, Rajai Davis wa Cleveland alipoupiga mpira ukavuka ukuta na matokeo yakawa 6-6, akatoka nje kwenye ngazi. Baada ya awamu ya tisa mvua ikanyesha dakika 17. Nilikumbuka ule ukurasa wa 1988 na mkono ukaanza kutetemeka. Ndipo uliponipigia simu na kukaa nami bila kusema. Mvua ikakatika. Katika awamu ya ziada Ben Zobrist wa Cubs akapiga, wakapata mbili, Cleveland wakarudisha moja.

Mpira wa mwisho ulimwendea Kris Bryant, nafasi ya 5. Mguu ulimteleza akiurusha, lakini ulimfika Anthony Rizzo, nafasi ya 3. Nikaandika 5-3. Cubs wakawa mabingwa.

Kisha nikakaa na penseli mkononi, nikingoja. Kuandika majina ilikuwa kazi yake. Kiti chake kilikuwa pale, ubavuni mwangu. Nikaanza na lake, likafuata la baba yako, langu, na lako.

Mama