Je, dini iwe sharti la kununua kiwanja pamoja?

SWALI: Familia sita za jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo tunataka kununua eneo moja Kibaha, kila mmoja ajenge nyumba yake, kisha tuchangie kisima, mlinzi na banda la mikutano na sala. Baadhi yetu wanataka katiba imkataze asiye Mkatoliki kununua au kupanga humo. Mke wangu, ambaye mama yake ni Mwislamu, ameumia sana. Je, tutashikamana kweli bila imani moja?
Msomaji, Kimara

JIBU: Ndugu msomaji, imani ni sababu njema ya kuanza pamoja, lakini sharti hilo ningewashauri mliondoe kabla hamjalipa hata arubuni.

Maaskofu Wakatoliki wa nchi za AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele katika miaka ya 1970, walitaka waumini wanaoishi jirani wasali nyumba kwa nyumba na kushughulikia shida za mahali wanapoishi. Mtaa ulikuwapo kwanza, pamoja na watu wake wa kila dini. Ninyi mnataka kuanza kwa kuchuja majirani, jambo ambalo jumuiya yenu haijawahi kulifanya huko Kimara.

Halafu kuna mirathi. Mkimiliki ardhi kwa mafungu, fungu la anayefariki huingia katika mirathi yake, na mrithi anaweza kuwa binti aliyeolewa na Mwislamu au kijana aliyehamia kwa Walokole. Mtamfukuza kwenye nyumba ya baba yake? Sidhani kama kuna mwenyekiti atakayekubali kubisha hodi kwa ujumbe huo.

Denmark, makazi ya Sættedammen, ambayo ni miongoni mwa ya kwanza ya aina hii, kila kaya na nyumba yake lakini mengine kwa pamoja, na yalianza mwaka 1972, hayakuwekewa msingi wa dini. Wakazi wana nyumba ya pamoja ambamo hupika na kula. Kwetu ushirika huo huonekana zaidi kwenye shughuli: turubai linafungwa, masufuria yanaazimwa, na hata kwenye harusi ya Wakristo huitwa Mwislamu achinje ili kila mgeni ale bila shaka moyoni. Hayo ndiyo ya kuandikwa katika katiba yenu: nani anachanga msibani na kiasi gani, nani analipa pampu ikiungua, na aliyesafiri miezi mitatu anadaiwa nini kwa mlinzi.

Kuhusu banda, tenganisheni fedha. Mfuko wa kisima na ulinzi uchangiwe na kila kaya, ila msalaba, altare na mishumaa vilipiwe na wanaosali hapo, ili mpangaji wa dini nyingine asijikute anatoa sadaka bila kuulizwa. Na mke wako aingie katika kamati ya kuandika katiba, tena mapema, kwa sababu ataona vifungu ambavyo ninyi wengine mtavipita bila kushtuka.