Zima simu, reili atatoka

Juzi dada mmoja wa Jinja, anayeanza kazi ya kuongoza watalii kama sisi, aliniandikia: “Kaka, nimeingia Mabamba mara tatu, reili namsikia tu, simwoni. Nifanyeje?” Reili ni ndege wa kinamasi apendaye kujificha, na Mabamba ni kinamasi kando ya Ziwa Viktoria, hapa Uganda. Nikakumbuka aibu yangu.

Mgeni wangu alikuwa ameshamwona korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, akataka na reili. Korongo-nyangumi husimama wazi kama mlinzi wa lango. Reili ana mwili mwembamba uliobanwa mbavuni, hupenya kati ya mashina ya mafunjo bila jani kutikisika. Ndugu zake wa vinamasi vya maji ya chumvi kwenye pwani za Marekani nao ndivyo walivyo. Huyu wetu ana mgongo wa kahawia, kifua cha kijivu, na mdomo mrefu mwekundu wa kuchokolea wadudu na konokono matopeni. Nikatoa simu, nikapiga sauti yake iliyorekodiwa. Mara tano, mara kumi. Akajibu kwa ukali, akachungulia kufumba na kufumbua, akanyamaza. Mgeni hakuona kitu, akanifokea mbele ya mpiga kasia wangu. Hadi leo linaniuma.

Baadaye nikaelewa jambo zito zaidi: yule ndege alidhani mwenzake amemvamia. Aliacha kula, pengine aliacha mayai, aje kupigana na simu.

Sijapiga sauti tena. Na mwezi uliopita, alfajiri, nilimwonyesha mama mmoja wa Kampala reili akitembea ukingoni dakika nne nzima. Dakika nne! Wapo wakongwe wa kazi hii hawajazipata.

Kwa hiyo dada, nenda alfajiri au jua likizama. Tafuta tope lililo wazi chini ya mafunjo, chomeka upondo, mtumbwi utulie, nyamaza. Ukisikia mlio mkali unaoanza kwa kasi kisha unashuka na kupungua, usiufuate. Nyamaza tena.

Ndugu zangu, Mabamba imo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2006, lakini orodha haiwezi kumkinga ndege na simu zilizo mikononi mwetu. Mgeni akilazimisha, mkatalieni. Akinuna, anune.

Dada, njoo Alhamisi. Tunaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Vaa buti za mpira, na simu utaniachia mimi.